Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Kisa cha Khedivu Ismail na Mchezo wa Aida



Wahenga wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Ni maneno machache, lakini yanatosha kueleza historia ya dola nzima. Leo, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu, tunataka kukueleza khabari za usiku mmoja wa mwaka 1871 katika mji wa Cairo, usiku ulioonyeshwa mchezo mkubwa wa nyimbo ambao mfano wake ulikuwa haujapata kuonekana katika nchi za Kiislamu. Hatukuelezi ili kuwacheka ndugu zetu wa Misri, kwani Misri ni nchi ya Al-Azhar, na wangapi katika mashekhe wetu wa pwani wamefaidika na vitabu vilivyopigwa chapa huko! Tunakueleza kwa sababu yaliyowapata wao kwa makubwa hutupata sisi kwa madogo kila mwaka, majumbani mwetu.

Na tangu mwanzo uelewe jambo moja. Juu ya muziki na michezo ya kuigiza maulamaa wana maneno yao marefu, na hapa si mahali pake. Tunayotaka kuyatazama ni haya: fedha ilikuwa ya nani, furaha ilikuwa ya nani, na deni lilimwangukia nani.

ISMAIL PASHA ALIKUWA MTU GANI?

Ismail Pasha alizaliwa Cairo mwaka 1830. Baba yake ni Ibrahim Pasha, na babu yake ni Muhammad Ali Pasha, yule aliyeiinua Misri ikawa dola yenye nguvu. Ismail alisomeshwa Paris, na mwaka 1863 akashika utawala wa Misri chini ya Sultani wa Uturuki. Mwaka 1867 Sultani akampa cheo cha Khedivu, na kwa jina hilo ndiyo anajulikana mpaka leo.

Aliposhika utawala alikuta neema. Marekani walikuwa wakipigana wao kwa wao tangu 1861 mpaka 1865, pamba yao haikuweza kutoka, na viwanda vya Uingereza vikawa vinaililia pamba ya Misri. Bei ikapanda juu kabisa. Fedha ikamiminika. Vita vilipokwisha bei ya pamba ikaanguka, lakini matumizi ya Khedivu hayakuanguka pamoja nayo. Hapo ndipo alipoanza kukopa sana kwa matajiri wa Ulaya, tena kwa riba.

Tumfanyie insafu, kwani Muislamu hadhulumu hata katika kusimulia. Ismail hakuwa mtu mvivu wala mjinga. Alijenga reli, alichimba mifereji ya kumwagilia mashamba, alitandika waya za simu. Mwaka 1866 aliitisha baraza la wajumbe. Mwaka 1870 ilifunguliwa Darul Kutub, nyumba ya vitabu ya taifa. Mwaka 1872 ilianzishwa Darul Uluum ya kutoa walimu, na 1873 ikafunguliwa skuli ya serikali ya watoto wa kike kwa juhudi za mmoja katika wake zake. Alipokuta wakulima wanachukuliwa kwa shokoa kwenda kuchimba mfereji wa Suez alikataa, na kampuni ya mfereji ikamshitaki. Napoleon wa Tatu, mfalme wa Ufaransa, akafanywa mwamuzi, naye akaihukumu Misri mwaka 1864 ilipe faranga milioni 84. Hili ni deni aliloingia kwa kutaka kuwaondolea watu wake mzigo, na atakayehisabu makosa yake naahisabu na hili pia.

Lakini mtu mwenye kheri nyingi anaweza kuangamizwa na tabia moja. Tabia ya Ismail ilikuwa kupenda kuonekana. Alitaka watu wa Ulaya wamtazame waseme: huyu ni mwenzetu.

NYUMBA YA MIEZI SITA

Mwaka 1869 ulikuwa mwaka wa kufungua mfereji wa Suez. Ismail akawaalika wafalme na wakuu wa Ulaya, na aliyepewa hishima kubwa kuliko wote ni Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa. Yakajengwa makasri, zikafunguliwa barabara mpya, na karibu na bustani ya Azbakiyya ikajengwa nyumba ya opera.

Opera, ndugu msomaji, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Mfalme huimba, mtumwa huimba, anayekufa naye huimba mpaka roho inamtoka. Chini ya jukwaa hukaa wapigaji ala kwa makumi. Na nyuma ya waimbaji wakubwa husimama kundi la waitikiaji, mara wakiwa askari, mara makuhani, mara mateka, mara watu wa mjini, na kila wanapogeuka huhitaji mavazi mengine. Kwa hivyo mchezo kama huu ni gharama juu ya gharama: fundi wa muziki, mtungaji wa maneno, wachoraji wa mapazia makubwa ya nyuma, washoni, maseremala, wacheza ngoma, na waimbaji wenyewe ambao hulipwa kama vito.

Nyumba hiyo ya Cairo ilijengwa na mhandisi wa Kitaliana, Pietro Avoscani, kwa muda wa miezi sita tu, na sehemu yake kubwa ilikuwa mbao. Ilibidi iwahi wageni. Ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1869, na siku 16 baadaye ukafunguliwa mfereji.

Watu wengi husema, na hata vitabu vingine vimeandika, kwamba mchezo wa Aida ulitungwa kwa ajili ya kufungua mfereji au kufungua nyumba hiyo. Si kweli. Mchezo ulioifungua nyumba ni Rigoletto, uliokuwa umekwisha kuonyeshwa Venice tangu 1851. Mtungaji wake, Giuseppe Verdi wa Italia, aliombwa atunge wimbo maalumu wa sherehe ile ya 1869, akakataa. Aida ulikuja baadaye, kwa sababu Khedivu hakuridhika kuonyesha mchezo uliokwisha kuonekana kwingine. Alitaka wake mwenyewe, wa nchi ya Misri, utakaoanza kwake kabla ya kuonekana Ulaya.

KISA CHA AIDA

Kisa kilibuniwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale ya Misri na mwanzilishi wa makumbusho ya Bulaq. Aliandika hivi kwa ufupi. Zamani za Mafirauni, Misri na Uhabeshi zinapigana. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa akawa kijakazi wa binti Firauni, wala Wamisri hawajui kuwa yeye ni binti mfalme. Kijana jemadari wa Misri, Radames, anampenda Aida, na binti Firauni anampenda Radames. Radames anakwenda vitani, anawashinda Wahabeshi, anarudi kwa shangwe kubwa ya matarumbeta, askari na mateka. Miongoni mwa mateka yumo baba yake Aida. Mwisho Radames anateleza ulimi akaitoa siri ya njia ya jeshi, anahukumiwa kuzikwa hai chini ya hekalu, na ndani ya kaburi anamkuta Aida ameshatangulia kujificha ili afe pamoja naye.

Kishike vizuri kisa hiki, na khasa ile sehemu ya Misri kuishinda Uhabeshi na kurudi na mateka, kwani tutairejea.

Verdi alikataa mara ya kwanza. Rafiki yake wa Paris, Camille du Locle, akampelekea kile kisa cha Mariette, naye alipokisoma kikampendeza. Mwaka 1870 akakubali kwa ujira wa faranga 150,000, ambazo kwa hisabu ya siku hizo zilikuwa pauni 6,000 za dhahabu. Maneno yakatungwa kwa Kitaliana na Antonio Ghislanzoni. Mavazi na mapazia yakaagizwa Paris, na Mariette mwenyewe akasafiri kwenda kuyasimamia, kwani alitaka kila taji na kila mkufu ufanane na ile michoro ya makaburini. Yakatengenezwa matarumbeta marefu yaliyonyooka kwa ajili ya ile sehemu ya ushindi.

Mwanadamu hupanga na Mungu hupanga. Mchezo ulikusudiwa uonyeshwe Januari 1871. Lakini Julai 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia, na Septemba majeshi ya Prussia yakauzunguka mji wa Paris. Mariette akafungiwa ndani pamoja na mavazi yake ya Kifirauni na mapazia yake. Nje watu wanapigana, ndani watu wanakula farasi kwa njaa, na katika maghala ya mji yamekaa mahekalu ya kuchora yakingoja kupelekwa Cairo! Yule mfalme wa Ufaransa aliyeihukumu Misri alikuwa ameshatekwa, na yule mkewe aliyetandikiwa mazulia mwaka uliotangulia alikuwa ameshakimbilia Uingereza. Kwa mwenye kuzingatia, onyo lilikwisha kupelekwa kabla ya pazia kufunguliwa.

USIKU WENYEWE

Vita vikaisha, shehena ikafika, na mchezo ukaonyeshwa tarehe 24 Desemba 1871. Kwa hisabu yetu ulikuwa Mfunguo Mosi wa mwaka 1288 Hijria, kama siku kumi tu baada ya watu wa Cairo kusali Idi.

Nyumba ilijaa. Walikuwapo mabalozi, mapasha, matajiri wa kila taifa, na waandishi wa magazeti walioletwa kutoka Ulaya. Bibi za nyumba ya Khedivu walikaa katika vyumba vyao vya juu nyuma ya pazia la melimeli, wakitazama wasitazamwe. Aliyeongoza muziki ni Giovanni Bottesini. Aliyeimba Aida ni Antonietta Pozzoni, na Radames aliimbwa na Pietro Mongini. Makuhani wakaimba, askari wakaimba, mateka wakaimba, matarumbeta marefu yakalia, na watu wakapiga makofi sana. Aliyekosekana ni Verdi mwenyewe. Hakwenda Cairo. Aliyoyashughulikia kwa mkono wake ni maonyesho ya Milan, yaliyofanywa tarehe 8 Februari 1872.

Sasa ndugu msomaji, tuufungue mzigo huu tuone kilichomo. Muziki ulitoka Italia. Maneno yalikuwa Kitaliana. Waimbaji wakubwa walitoka Italia. Mavazi na mapazia yalitoka Paris. Kisa kilitungwa na Mfaransa. Cha Misri kilikuwa nini? Jina la mchezo, ukumbi wa mbao, na fedha. Na mchezo wenyewe, baada ya usiku wa Cairo, ulikwenda zake Ulaya, ukaingia katika nyumba za opera za dunia nzima na unachezwa mpaka leo. Misri ilibakiwa na hati ya malipo.

WALIOKUWA NJE YA NYUMBA

Mwaka ule ule wa 1871, mwezi wa Agosti, miezi minne kabla ya usiku huo, ilitolewa sheria iliyoitwa Muqabala. Wenye ardhi waliambiwa: lipeni leo kodi ya miaka sita ijayo, na sisi tutakupunguzieni nusu ya kodi milele. Watu wakalipa, wengine kwa kukopa kwa riba. Mwaka 1880 sheria ikafutwa, na ile ahadi ya milele ikawa imedumu miaka tisa.

Na mwaka ule ule, mtu mmoja aliingia Cairo akakaa katika nyumba ndogo na kusomesha vijana falsafa, dini na siasa. Mtu huyo ni Sayyid Jamaluddin Al-Afghani, na mmoja katika vijana hao ni Muhammad Abduh. Hapakuwa na matarumbeta wala mapazia. Lakini pima mwenyewe ni kitu gani kilichoingia Misri mwaka 1871 kikawafaa Waislamu zaidi: ile shehena ya Paris, au ile darasa ya mkekani?

Liko na jambo jingine, na hili kwangu ni zito. Mwaka 1870 Mmisri mmoja, Yaqub Sanu, aliyekuwa wa dini ya Kiyahudi, alianzisha michezo ya kuigiza kwa Kiarabu cha mitaani ambacho kila Mmisri alikifahamu. Khedivu alimpenda mwanzoni, akamsifu mbele za watu. Lakini Sanu alipoanza kuwachezea wakubwa maovu yao, mwaka 1872 michezo yake ilifungwa. Zingatia: miezi michache baada ya kuulipia mchezo wa Kitaliana uliokuwa ukimsifu Firauni, Khedivu aliufunga mchezo wa Kiarabu uliokuwa ukimnasihi yeye. Ukiona mtu anafungua mlango kwa wenye kumsifu na kuufunga kwa wenye kumnasihi, jua kwamba safari yake imekaribia mwisho.

MWAKA WA 1875

Fedha ya pamba imekwisha, lakini mikopo inaendelea. Mwaka 1873 Ismail alikopa mkopo ulioandikwa pauni milioni 32. Kilichoingia mkononi ni kama milioni 20. Tofauti yake ilikuwa punguzo na faida za wakopeshaji, na juu yake riba ya asilimia 7 kwa hisabu ya milioni 32 nzima! Hii ndiyo riba aliyotukataza Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, na hapa unaona kwa macho hikima ya kukatazwa kwake: mtu analipa riba ya fedha ambayo hakupata kuiona.

Mtu akibanwa na deni huwa ana njia mbili, kupunguza matumizi au kutafuta cha kunyang'anya. Ismail alitafuta nchi za kutawala, na hapa ndipo kisa chake kinapotufikia sisi wa pwani. Mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said wa Unguja alizuru Uingereza, na katika kurejea alipitia Misri, nchi ya Kiislamu, kama mgeni. Baada ya kurudi kwake tu, mwezi wa Oktoba, merikebu za Misri chini ya Muingereza aliyeitwa McKillop Pasha zilitokea katika pwani yetu zikaishika Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya bendera ya Sayyid. Sayyid Barghash hakuwa na jeshi la kupigana na Misri. Aliwaendea Waingereza, Waingereza wakamwamrisha Khedivu aondoke, na mwanzoni mwa 1876 merikebu zikaondoka. Tazama hasara ya pande mbili: Muislamu amemvamia Muislamu mwenzake, na Muislamu aliyevamiwa hakuona pa kukimbilia ila kwa wale ambao baadaye waliitawala nchi yake na ya aliyemvamia.

Na Uhabeshi? Kumbuka ule mchezo. Ismail aliukusudia ushindi wa kweli. Alipeleka jeshi juu ya milima ya Uhabeshi likiongozwa na maofisa wa kigeni pamoja na Waturuki. Tarehe 16 Novemba 1875, mahali panapoitwa Gundet, jeshi hilo lilizungukwa na watu wa Mfalme Yohannes wa Nne likaangamizwa. Akapeleka jeshi jingine kubwa zaidi, na mwezi wa Machi 1876 likavunjwa Gura. Katika jukwaa la mbao Wamisri walirudi na mateka wa Kihabeshi. Katika milima ya kweli waliotekwa walikuwa watoto wa wakulima wa Misri, na mama zao hawakupigiwa matarumbeta.

Mwezi ule ule wa Novemba 1875 Ismail aliuza hisa za Misri katika mfereji wa Suez, hisa 176,602, kwa serikali ya Uingereza kwa karibu pauni milioni 4. Mfereji uliochimbwa kwa jasho la Wamisri, na ambao miaka sita tu nyuma ulifunguliwa kwa sherehe iliyoishangaza dunia, hisa zake zikaondoka mikononi mwao, na fedha yenyewe ikaishia katika madeni. Aprili 1876 Misri ikashindwa kulipa, na Mei ikaundwa idara ya madeni yenye wasimamizi wa Ulaya. Deni lilikuwa limepita pauni milioni 90.

MATANGA

Mwaka 1877 maji ya Nile yalipungua, na 1878 njaa ikaingia Misri ya juu. Watu wakafa. Na katika mwaka huo huo wa njaa kodi ilikusanywa kwa nguvu, na riba ya wadai wa Ulaya ikalipwa. Wakulima wale hawakualikwa Azbakiyya. Wengi wao walikufa bila ya kulisikia jina la Aida. Lakini waliolipa ni wao.

Tarehe 26 Juni 1879 Sultani Abdul Hamid, kwa kubanwa na Uingereza na Ufaransa, alimwondoa Ismail katika utawala. Akapanda merikebu yake akaenda Naples. Maofisa wa Kimisri waliokuwa na uchungu, wakiongozwa na Ahmed Urabi, mwenyewe mtoto wa kijijini, walisimama wakitaka haki ya watu wao. Urabi alikuwamo katika safari ile ya Uhabeshi, upande wa uchukuzi, akaona kwa macho yake jinsi mambo yalivyoharibiwa. Lakini wakati ulikuwa umepita. Tarehe 11 Julai 1882 manuwari za Kiingereza zikaipiga Iskandaria kwa mizinga, na tarehe 13 Septemba jeshi la Urabi likavunjwa Tel el-Kebir. Waingereza walisema wamekuja kwa muda mfupi. Askari wao wa mwisho aliondoka mwaka 1956.

Mtu mwerevu atasema: faranga 150,000 haziwezi kuivunja dola. Kweli kabisa. Ukizilinganisha na zile milioni 84 za hukumu ya mfereji, ujira wa Verdi ni tone. Lakini hakuna nyumba iliyovunjwa na sahani moja ya biriani. Huvunjwa na moyo ule ulioiagiza sahani hiyo kwa deni, ukaagiza na ya pili, ukaona haya kusema "sina". Mchezo wa Aida haukuiuza Misri. Ulikuwa ni alama ya moyo ulioiuza.

KILICHOBAKI

Ile nyumba ya opera ilidumu miaka 102, na alfajiri ya tarehe 28 Oktoba 1971 ikashika moto ikateketea. Mbao zote ziliungua. Mahali pake pakajengwa jengo la kuegesha motokaa, na watu wa Cairo bado wanauita uwanja ule Midan al-Opera. Nyumba mpya ilifunguliwa mwaka 1988 mahali pengine, kwa msaada wa Japan.

Lakini katika mwaka ule ule wa 1869, mama yake Ismail, Khushyar Hanim, alianza kujenga msikiti karibu na ngome ya Cairo, Msikiti wa Ar-Rifai. Kazi yake ilikwenda polepole, ikasimama kwa miaka mingi, na mama mwenyewe akafa kabla haijaisha. Ulimalizika mwaka 1912. Nyumba ya miezi sita imeungua, na msikiti wa miaka 43 umesimama, unasaliwa. Ismail alifariki Istanbul mwaka 1895, akarudishwa Cairo, na kaburi lake limo ndani ya msikiti huo wa mama yake. Alijenga makasri mengi, lakini pa kulala pake pa mwisho alijengewa na mama.

Na hata ufundi ule wa mchezo wa nyimbo haukuwafaa Wamisri mpaka walipoushika wenyewe. Shekhe Salama Hijazi, na baada yake Sayyid Darwish aliyefariki 1923, walitunga na kuimba kwa Kiarabu, kwa fedha kidogo, kwa watu wao. Sauti moja ya Sayyid Darwish leo ndiyo wimbo wa taifa la Misri. Kwetu Unguja nako wazee husimulia kwamba Sayyid Barghash alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, arudi awafunze wengine. Vyovyote utakavyouhukumu muziki, tofauti iko wazi baina ya mwenye kununua ujuzi na mwenye kununua usiku mmoja.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, wewe si Khedivu, na mimi si Khedivu. Lakini kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, kama alivyotufunza Mtume wetu (S.A.W.). Na Qur'ani katika Suratul Israai imewaita wenye kufuja mali ndugu wa mashetani, na katika Suratul Furqan imewasifu waja wa Rahmani kuwa wakitoa hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali hukaa katikati. Kwa hivyo hatusemi watu wasifurahi. Harusi ni sunna, na walima ni sunna, na Mtume aliamrisha walima hata kwa mbuzi mmoja.

Lakini tazama harusi zetu za pwani. Baba anaweka nyumba rehani ili watu wale siku tatu. Mama anauza bangili alizoachiwa na mama yake ili anunue nguo za sare atakazovaa mara moja. Kijana anaanza maisha ya ndoa akiwa na deni dukani, na kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa wameshagombana kwa ajili ya deni hilo. Waliokula wamekwenda zao, tena pengine wamesema wali haukuiva. Hii ni Aida ya nyumbani.

Basi kabla ya kila shughuli, iwe harusi, iwe khitima, iwe maulidi, iwe ufunguzi wa madrasa, keti na mkeo, au keti na mumeo, mjiulize mambo matatu ambayo Ismail hakujiuliza. Kwanza: fedha hii ni ya nani? Pili: ikija siku ya kulipa, atakayelipa ni nani, na je, ameulizwa? Tatu: wageni wakishaondoka, kitabaki nini? Ikiwa jawabu la kwanza ni ya mkopeshaji, la pili ni watoto wetu, na la tatu ni picha, basi punguzeni, wala msione haya. Kumwambia mgeni "tulichojaaliwa ni hiki" si aibu. Aibu ni kumwambia mtoto wako baada ya miaka mitano kwamba nyumba ya babu yake imekwenda.

Na wale waliopewa amana ya mali ya umma, iwe fedha ya msikiti, ya wakfu au ya mji, hayo masuala matatu kwao ni faradhi zaidi, kwa sababu mwenye nyumba akifuja huumia watu wa nyumba yake, na mwenye amana akifuja huumia watu ambao hata hawajui kwamba palikuwa na karamu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na mzigo wa deni, kama Mtume wake alivyokuwa akiomba kinga nao, amrehemu Ismail kwa aliyoyatenda ya kheri na amsamehe aliyoyakosea, awarehemu wale wakulima waliolipa deni wasilolikopa, na atupe sisi moyo wa kukinai na tulichonacho. Amin.

Wabillahi tawfiq.